Usingoje Siku ya Kuoshana Miguu

Nakumbuka siku moja, msimu wa korosho umekolea, nilishuka kwenye gari pale Mkunya, kijiji cha Newala, nikiwa na kitabu kwapani na hasira niliyoianza tangu Masasi. Nilikuwa bado kijana, nina mtoto mmoja tu, na mwezi mmoja nyuma kanisa lilikuwa limenichagua kuongoza masomo ya watoto kwa makundi yetu yote, Masasi mpaka Newala. Usishtuke ukisikia hivyo, mwanangu. Makundi yenyewe yalikuwa manne, na ukiyakusanya yote yangeenea kwenye lori moja na nafasi ikabaki. Lakini mimi nilijiona nimepewa mkoa.

Sisi Wamennonite huku kwetu tulikuwa wachache, na hata leo si wengi. Kanisa lilikuja na mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mwalimu Magesa, mtu wa Musoma aliyehamishiwa Masasi kikazi. Alianza kusali na mkewe uani kwao Mkomaindo, majirani wakasogea, mmoja akampelekea habari ndugu yake Newala, hivyo hivyo mpaka tukawa watu. Mchungaji wa kubatiza na kutupa Meza ya Bwana hatukuwa naye. Alitoka mbali, akija mara mbili kwa mwaka ni bahati. Kazi nyingine zote zilifanywa na sisi wenyewe, watu wa kujitolea. Asubuhi unakaanga vitumbua, jioni unafundisha wimbo.

Mimi nilikuwa na darasa la nne. Leo darasa la nne si kitu, mnalicheka. Wakati ule, kwa mwanamke wa huku, lilitosha kumpanda mtu kichwani, na mimi lilinipanda. Nilisoma barua za watu. Nilisoma maandishi kwenye mifuko ya dawa za mikorosho. Kanisani nikisimama kusoma Neno, nilisoma kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Kwa hiyo vilipokuja vitabu vya masomo ya watoto, na tukafanyiwa semina ya siku mbili kwa Mwalimu Magesa, mimi ndiye niliyesema kila mwalimu lazima afuate kitabu, somo kwa somo, na kwamba nitapita mwenyewe kukagua.

Mwalimu wa watoto wa Mkunya alikuwa Mama Tabitha. Alikuwa mtu mzima kwangu, umri wa mama yangu mdogo, na mimi ni mzaliwa wa hapo hapo Mkunya kabla sijaolewa Masasi, kwa hiyo alinijua tangu natambaa. Ukoo wake wote ni Waislamu. Yeye peke yake alibatizwa akiwa mtu mzima, kwa kauli yake mwenyewe, na ndugu zake hawakumtenga. Sikukuu ya Idi alipika nao, Krismasi walikula kwake. Shule hakuikanyaga hata siku moja. Kiswahili chake kilikuwa cha kutembelea, alikitumia kwa wageni. Mambo ya moyoni aliyasema Kimakonde.

Basi siku hiyo nikafika kanisani, nyumba ya udongo na makuti, saa ya masomo, sikukuta hata mtoto mmoja. Nikaulizia. Nikaambiwa wako shambani na Mama Tabitha. Nikaenda na hasira yangu. Nikawakuta chini ya mikorosho, watoto wengi, wengine sijawahi kuwaona kanisani, wa Kiislamu pia, wamekaa juu ya magunia, mikono inanyofoa korosho kutoka kwenye mabibo, yale matunda yake, masikio yako kwake. Alikuwa anawasimulia habari za yule mwana aliyechukua urithi akaondoka. Kwa Mama Tabitha yule kijana alivuka mto Ruvuma. Akafika ng'ambo akachezea mali yote, akaishia kulisha nguruwe na kuokota mabibo yaliyooza ili ale. Watoto walikuwa wamekunja nyuso kwa sababu bibo lililooza wanalijua harufu yake.

Nilipaswa kukaa kwenye gunia nisikilize. Leo najua hivyo. Siku ile nilichosikia ni Ruvuma na mabibo, vitu ambavyo kwenye kitabu havimo, na kwamba somo la Jumapili ile lilikuwa jingine kabisa. Nikamkatiza katikati. Hata shikamoo niliitoa kama mtu anayetupa ganda.

Nikamuuliza kitabu kiko wapi. Akasema kiko nyumbani, sandukuni, maana akikileta shambani kitapata maji ya mabibo, na madoa yake hayatoki. Akaanza kunieleza kwamba somo la wiki wamelifanya asubuhi wakati wa kuokota, hili la sasa ni la kuongezea tu watoto wasichoke. Sikumwacha amalize. Nikatoa kitabu changu kwapani nikamnyooshea.

"Basi soma hiki. Mstari wa kwanza tu, watoto wasikie."

Akakitazama, hakukipokea, mikono yake ilikuwa inanata.

"Mama Neema, unajua mimi sisomi."

"Sasa mtu asiyesoma anafundisha nini?"

Mtoto mmoja akacheka. Watoto ndivyo walivyo, akicheka mmoja wanacheka wote, hata asiyejua kinachochekwa. Mama Tabitha alijifuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole. Akawaambia kwa Kimakonde kwamba mwalimu amefika, wamsikilize. Kisha akachukua kikapu chake akaenda mkorosho wa pili, akainama kuokota, ametupa mgongo.

Nikafundisha somo kutoka kitabuni, neno kwa neno. Nikitulia kuvuta pumzi nilisikia korosho zake zinavyoanguka kikapuni. Kabla sijarudi Masasi nilimkabidhi darasa binti mmoja aliyemaliza la saba, Yunisi, nikaandika jina lake kwenye daftari la mahudhurio, nikakata la Mama Tabitha kwa mstari mmoja ulionyooka. Niliupenda mstari ule.

Mwanangu, usidhani nakuficha kitu ili nionekane mwema. Nilirudi Masasi nimeridhika. Nilijiona nimelinda kazi ya Mungu.

Aliyenishtua ni Mwalimu Magesa. Habari zilimfikia kwa njia zake, akaniita kwake. Nilimkuta barazani anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza lile aliloshika. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Akaniuliza kama ninajua Mama Tabitha anavyojiandaa kufundisha. Nikasema hajiandai, hasomi. Akaniambia kila Jumamosi asubuhi mama yule anatandika mkeka, anamkalisha binti yake Tabitha aliye darasa la sita, binti anamsomea somo mara mbili, halafu mama analirudia mpaka hakosei. Anayo masomo ya kitabu kizima kichwani. Mwalimu akasema mwaka uliopita Mama Tabitha alimjia pale pale barazani kutoka Mkunya, kwa sababu kulikuwa na neno moja kwenye somo ambalo binti yake hakujua maana yake.

"Neno moja, Mama Neema. Siku nzima barabarani kwa ajili ya neno moja. Wewe unasoma somo ukiwa ndani ya gari."

Nilikuwa kweli nasoma ndani ya gari. Akaniambia niende Mkunya kesho yake, nimwombe msamaha, nimrudishie watoto wake.

Na hapa ndipo lilipo kosa langu hasa. Lile la shambani lilikuwa la ujinga na majivuno ya kijana. Hili la pili nililifanya macho yamefunguka.

Mchungaji alikuwa anategemewa baada ya wiki tatu kutupa Meza ya Bwana. Unajua desturi yetu. Kabla ya Meza tunaoshana miguu, wanawake upande wao, wanaume upande wao. Unachukua beseni, unapiga magoti mbele ya mwenzako, unamwosha, unamfuta, mnakumbatiana. Na siku ile watu wa makundi yote hukutana mahali pamoja. Mimi nikaona ndiyo siku yenyewe. Nikamwambia Mwalimu kwamba nimemkosea mama yule mbele za watu, basi nitamwosha miguu mbele za watu. Watoto wote wataona, na itakuwa fundisho kwa kanisa zima.

Akaniangalia sana.

"Unataka kuomba msamaha, au unataka kufundisha somo?"

Niliona hajanielewa. Nilikuwa mimi mwenyewe nafundisha darasa la ubatizo kwamba anayekwenda kwenye beseni anatakiwa awe ameshapatana na mwenzake nyumbani, na kwamba kuoshana ni alama ya amani ambayo tayari ipo. Nililifundisha hilo kwa ufasaha. Mtu anaweza kulifundisha jambo miaka na lisimguse.

Basi nikaanza kujiandaa. Nikanunua taulo jipya. Nikawaambia akina mama wawili watatu nitakavyofanya, na wao wakawaambia wengine, na nadhani nilitaka iwe hivyo. Wiki tatu zikafika, mchungaji hakuja. Mvua zilianza kwa nguvu, barabara ikakatika. Akasema baada ya mwaka mpya. Mwaka mpya ukapita, akapata udhuru mwingine, akasema Pasaka bila kukosa. Kila alipoahirisha, mimi nami niliahirisha.

Katikati ya hapo nilikwenda Mkunya mara mbili kukagua darasa. Yunisi alikuwa anafundisha vizuri, kitabu mkononi, sauti safi, mbele ya watoto wanne. Wale wa gunia hawakuonekana. Watoto wa kule msimu wa kazi wako shambani, na Mama Tabitha alilijua hilo kwa sababu alikuwa nao shambani. Nikaandika kwenye daftari mahudhurio ni hafifu. Nyumba ya Mama Tabitha ilikuwa hatua chache kutoka kanisani, ukisimama mlangoni unaona moshi wa jiko lake. Sikwenda. Nilijiambia nisiharibu siku ile kwa kuwahi.

Mara ya pili tulikutana. Unajua shida ya maji huko juu Newala, na enzi hizo ilikuwa zaidi ya leo. Nilikuwa napita kwenda kusubiri gari, yeye anatoka kwenye foleni ya bomba na ndoo kichwani, peke yake. Njia ni nyembamba, hakuna wa kumpisha mwenzake bila kusimama. Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Halafu akainua ndoo yake kutoka kichwani akaitua chini.

Mwanangu, mwanamke wa Newala hatui ndoo ya maji katikati ya njia kwa sababu ya salamu. Ukishaitua ni kazi kuipandisha tena, na huna wa kukutwisha. Aliitua akasimama, mikono pembeni, ananiangalia. Alikuwa amekonda kidogo. Nilimwona na nikaelewa kabisa kwamba ananipa nafasi. Maneno yalikuwepo mdomoni. Ila nikafikiria beseni, na taulo, na kanisa zima limekaa kimya linatutazama, na hapa palikuwa na njia ya vumbi na hakuna hata mtu mmoja.

Nikamwambia, "Tutaonana siku ya Meza, mama."

Akasema haya. Nikamsaidia kujitwisha ndoo, angalau hilo nilifanya, tukapishana.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, dereva wa gari la muhogo alisimama mbele ya meza yangu ya vitumbua pale Mkomaindo, karibu na hospitali, akaniambia kuna msiba Mkunya, Mama Tabitha amefariki. Homa ya siku nne tu. Nikamwambia amekosea jina. Akaniambia, yule aliyekuwa anafundisha watoto wenu. Nikamwachia jirani meza, vitumbua vingine vikiwa kwenye mafuta, nikakimbilia nyumbani. Nilichukua kanga mbili, na sijui ni akili gani, nikachukua na lile taulo.

Nilifika jua la utosi. Kaka zake walikuwa wanachimba kaburi na wanaume wa kanisa, msikiti na kanisa wanapokezana jembe, ndivyo tunavyozikana kule. Wanawake walijaa uani. Mlangoni alikaa dada yake, Bi Somoe, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo. Nikapiga magoti mbele yake, nikamsalimu, nikampa pole. Nikamwomba aniruhusu niingie nisaidiane nao kumwosha. Nilisema nitamwosha miguu tu, basi, sihitaji zaidi. Taulo lilikuwa mikononi, na bado lina mikunjo ya dukani.

Bi Somoe alilitazama taulo, akanitazama mimi.

"Ameshaoshwa, Mama Neema."

Nikasema hata kidogo tu. Nikasema ana deni langu, hapana, mimi ndiye nina deni lake.

"Nimekwambia ameshaoshwa. Mimi na Tabitha, asubuhi. Nenda kakae na wenzako."

Hakusema kwa ukali. Angenifokea ningepata mahali pa kushika. Nikaenda nikakaa na wenzangu. Tulimzika jioni ile ile, Mwalimu Magesa akaomba, watoto wa gunia wakiwa wamesimama upande wao, wengi, wote nikawajua sura. Hakuna aliyecheka.

Nililala msibani siku tatu. Siku ya mwisho tulikuwa tunamenya ming'oko, ile mizizi ya porini tunayochemsha, mimi na Bi Somoe, na yeye mwenyewe akaanzisha. Akaniambia dada yake alisikia habari za beseni na taulo mapema tu, zililetwa na hao hao niliowaambia. Akasema hakukasirika. Alishangaa. Alisema, huyu mtoto anapajua kwangu, mlango wangu hauna hata komeo, kwa nini anataka tukutane mbele ya mchungaji? Kila Jumamosi gari la Masasi likipiga honi barabarani alitoka nje kidogo, akaangalia, akarudi.

Akaniambia na hili. "Siku ile ya njia ya maji alirudi akasema, leo alikaribia kusema. Nikamwambia, na wewe ungeanza. Akasema aibu ni yake, nikimsaidia kuibeba nitamnyang'anya."

Kisha Bi Somoe akavuta sufuria la maji, akaendelea kuosha ming'oko.

Pasaka mchungaji alifika. Wanawake walikaa kwenye mikeka, mabeseni yakapangwa. Niliosha miguu ya mwanamke aliyekaa mbele yangu, mke wa Mwalimu Magesa, ambaye sikuwa na ugomvi naye wowote tangu nimjue. Akaniosha na yeye. Maji yalikuwa ya baridi. Ulipofika wakati wa kwenda Mezani sikwenda, nilikaa palepale, na Mwalimu hakunilazimisha. Nilimwomba aniondoe kwenye uongozi. Akakataa. Akasema nikiondoka nitakuwa nimejipumzisha tu, na wale watoto bado wako shambani. Msimu uliofuata nilihamia kwa shangazi yangu Mkunya, nikaenda mikoroshoni, nikakaa kwenye gunia. Walikuja watatu. Wengine mama zao waliwazuia, na walikuwa na haki. Lile darasa halijawahi kurudi kuwa kama lilivyokuwa. Nakwambia hivyo usije ukadhani nilitengeneza mambo yakaisha.

Tabitha mwenyewe, binti aliyekuwa anamsomea mama yake, hakukanyaga tena kanisani kwetu. Alilelewa na Bi Somoe, akaolewa, leo ana wajukuu pale Newala mjini. Nilimfuata nyumbani kwake, safari hii bila kusubiri sherehe yoyote, nikamweleza yote kama nilivyokueleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa chai. Akasema yeye kwa upande wake amenisamehe zamani. "Ila kwa upande wa mama siwezi kukujibu, bibi. Hakuniachia ujumbe wako." Nikanywa chai nikaondoka. Alisema kweli, na ukweli ule ndio ninaolala nao.

Sasa kwa nini nakuandikia, wakati mkono wenyewe unatetemeka na herufi zinapanda mlima. Mmechaguliwa juzi, ninyi vijana, kuongoza elimu ya kanisa, Masasi na Newala. Nimefurahi. Mmesoma kuliko mimi, mna simu za kuwekea masomo, mna pikipiki za kuwafikisha Mkunya asubuhi na kuwarudisha mchana. Na hata kabla viti havijapata joto, nimesikia wewe na mwenzako wa Newala hamsemezani. Nimesikia ulimsahihisha somo lake mbele ya walimu wote kwenye kikao, yeye akajibu vibaya, wewe ukamtoa kwenye grupu. Sikuulizi nani alianza. Hilo ni swali la watoto. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba mjukuu wangu alikuuliza mtapatana lini, ukamjibu, tena kwa upole, kwamba Pasaka si mbali, mtaoshana miguu yatakwisha.

Nilisikia sauti yangu mwenyewe hapo.

Mwanangu, sikiliza. Kazi hii hulipwi, na anayefanya kazi bila malipo huwa anajilipa kwa kujiona. Mimi nilijilipa hivyo. Ukimkuta mwalimu anafundisha tofauti na ulivyomwelekeza, kaa chini kwanza usikilize mpaka amalize, halafu muulize amejiandaa vipi. Kama ana kosa, mwambie pembeni, mkiwa wawili, na kwa lugha ambayo yeye haimpi shida. Usimpime mtu mbele ya watoto anaowafundisha, maana hata ukirudi kumsifu kesho yake, watoto watabaki na ile ya jana.

Na ukishamkosea, nenda kwake. Nenda siku hiyo, au kesho yake asubuhi. Usichague siku nzuri. Usingoje mchungaji, usingoje watu wajae, usinunue chochote. Lile beseni tuliachiwa kwa ajili ya watu ambao tayari wamekwisha kuongea wakiwa wamesimama jikoni, wamekosa la kushika mkononi, wanaona haya. Ukilitumia ili usione haya, umelitumia vibaya, na mimi ndiye ninayekwambia, niliyelishika miaka yote hii. Akitua ndoo mbele yako, ongea hapo hapo, hata kama unachelewa gari.

Sitaki unijibu barua hii. Mvute pembeni huyo mjukuu wangu aliyekuletea, mwambie awashe pikipiki, mpande mwende zenu Newala.

Mungu akupe afya na akili ya kuongoza watoto wake. Akupe miguu isiyo mizito kufika kwa mtu. Na zaidi ya yote, namwomba akukutanishe na mwenzako leo akiwa hai, anapika au anafua, amekunja uso, bado amekukasirikia.